Sala, dua, maombi: Jinsi neno moja lilivyomeza mengine katika ibada ya Mkristo wa Kenya

CHAKULA kinapotengwa mezani katika nyumba nyingi za Wakristo nchini Kenya, mwenye nyumba humgeukia mmoja wa watoto na kumwambia: “Hebu tuombee chakula.” Mtoto hufumba macho, akasema ahsante Mungu kwa ugali na sukuma wiki, kisha watu wakala. Hakuna anayeshtuka. Hata hivyo, mtu akilisikiliza agizo hilo kwa sikio la sarufi, atagundua kioja. Kumwombea mtu ni kumwomba mwingine kitu kwa niaba yake. Tunamwombea mgonjwa apone na mtahiniwa afaulu. Je, chakula kina shida gani hata kiombewe? Alichofanya yule mtoto ni kutoa shukrani. Tendo lenyewe lilikuwa sahihi. Jina tulilolipa ndilo lililokwenda mrama.

Vivyo hivyo, mkutano wa chama hufunguliwa “kwa maombi” na kufungwa “kwa maombi”. Ibada ya usiku kucha ni “maombi”. Kumsifu Mungu, kuungama dhambi, kunyamaza mbele zake, kumlilia wakati wa msiba, yote hayo siku hizi huingizwa katika gunia moja: maombi. Na kiini cha neno maombi, upende usipende, ni kuomba. Yaani kutaka upewe.

Makala haya yananuia kufuatilia historia ya maneno ambayo Mkristo wa Afrika Mashariki ameyatumia kutajia mazungumzo yake na Mungu: yalitoka wapi, yaliingiaje katika Kiswahili, na mbona moja limeelekea kuyameza mengine. Nia si kumsahihisha anayesema “tuombe”. Ni kuonyesha kwamba Ukristo umetambua aina kadhaa za sala tangu karne zake za mwanzo, kwamba Kiswahili kina jina la kila aina, na kwamba majina hayo yakipotea vinywani, huenda aina zenyewe zikapotea mioyoni.

Maneno manne ya kale

Tuanzie kwenye Agano Jipya. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya pili, aya ya kwanza, ambao mapokeo ya kanisa yanaunasibisha na Mtume Paulo, mwandishi anawahimiza waumini wafanye mambo manne kwa ajili ya watu wote. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ile ambayo wengi tunaijua kama Union Version, inayataja mambo hayo kuwa dua, sala, maombezi na shukrani. Kwa Kigiriki, lugha ya waraka wenyewe, maneno hayo ni deesis, proseukhe, enteuxis na eukharistia.

Je, mwandishi alikuwa akipamba tu lugha kwa visawe, au alikusudia mambo manne tofauti? Swali hili liliwashughulisha wasomi wa kanisa la kale, na wawili kati yao wana nasaba kubwa na bara letu.

Wa kwanza ni Origen, aliyezaliwa Alexandria nchini Misri yapata mwaka 185. Katika miaka ya 230, akiwa Kaisaria ya Palestina, aliandika kitabu kizima kuhusu sala. Humo alipambanua maneno hayo manne moja baada ya jingine. Mwishoni alipendekeza mpangilio ambao wahubiri wangali wanaufundisha hadi leo, hata kama hawajui ulikotoka: mtu aanze kwa kumtukuza Mungu, afuatishe shukrani, kisha aungame dhambi zake, ndipo alete haja zake, na hatimaye amalizie kwa utukufu kama alivyoanza. Zingatia, msomaji, kwamba katika hatua hizo tano, kuomba kupewa kitu ni hatua moja tu, tena ya nne.

Wa pili ni John Cassian. Mtawa huyu aliishi miaka mingi miongoni mwa wakaa-pweke wa jangwa la Misri kabla ya kuhamia kusini mwa Ufaransa, na katika miaka ya 420 aliandika mazungumzo yake na wazee wa jangwani. Katika mazungumzo ya tisa, mzee aitwaye Isaka anamfafanulia zile aina nne kwa namna ya kuvutia. Ya kwanza, anasema, ni kilio cha mtu anayejutia dhambi zake. Ya pili ni ahadi au nadhiri ambayo mtu anamwekea Mungu. Ya tatu ni maombi kwa ajili ya wengine. Ya nne ni shukrani. Isaka anazipanga kama ngazi: anayeanza safari ya imani hulilia dhambi zake, akikomaa huweka ahadi na kuwakumbuka wenzake, na aliyefika mbali hushukuru. Haachi kamwe zile za awali, ila moyo wake hukaa zaidi katika shukrani.

Neno hilo la mwisho, eukharistia, ndilo lililotupa Ekaristi, jina ambalo Wakatoliki huitia sakramenti kuu ya kanisa lao. Kwa hiyo kila anayesema “Ekaristi Takatifu”, awe Kisumu au Kilifi, anataja shukrani kwa Kigiriki.

Safari ndefu ya neno sala

Turudi sasa kwenye yale maneno manne ya Biblia yetu. Dua, sala na shukrani yametujia kutoka Kiarabu. Ni maombezi pekee lenye mzizi wa Kibantu. Linakuwaje jambo hili, kwamba Mkristo anapotaja ibada yake ya ndani kabisa anatumia maneno aliyoyapokea kupitia kwa jirani yake Mwislamu?

Historia yatoa jibu. Wamisionari wa Kiprotestanti walipofika Pwani katika karne ya 19, walikuta lugha iliyokwisha kuzungumza na Mungu kwa karne nyingi. Waswahili walikuwa na sala, dua, ibada, toba, imani na dhambi. Wareno, ambao walianza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa mwaka 1593 na ambao walikuja na mapadri wa shirika la Augustino, walikuwa wametangulia kuleta Ukristo. Lakini kufikia mwaka 1698 ngome hiyo ilipotekwa na Waomani, Ukristo huo ulikuwa haujaota mizizi katika lugha. Wareno walituachia meza, leso na bendera. Kuhusu dini, walituachia padri. Wanaisimu hulitaja pia neno gereza, ambalo wanaeleza limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Neno la kumsemeshea Mungu hawakutuachia hata moja.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la CMS, aliwasili Mombasa mwaka 1844. Alianza kujifunza Kiswahili na kutafsiri Biblia akisaidiwa na kadhi, mtaalamu wa sheria ya Kiislamu. Tafakari hali hiyo: sheikh na misheni wakiwa wameketi pamoja wakitafuta neno linalofaa. Mwaka 1854, mjini Tübingen nchini Ujerumani, palichapishwa kitabu chake kidogo chenye sala za asubuhi na jioni za kanisa la Kianglikana kwa Kiswahili. Neno la kwanza la anwani yake, kwa tahajia ya enzi hizo, lilikuwa “Salla”. Miaka michache baadaye, Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwasili Unguja mwaka 1864, akaandika sarufi yake maarufu iliyotoka mwaka 1870, na akatafsiri sala za kanisa pamoja na sehemu kubwa ya Biblia. Naye aliendelea na lugha ya wenyeji wa Unguja: watu husali, na kitabu chao ni kitabu cha sala. Mapadri wa shirika la Roho Mtakatifu waliokita kambi Bagamoyo mwaka 1868 walifuata njia iyo hiyo kwa upande wa Wakatoliki.

Wapo Wakristo wanaodhani kuwa kwa kutumia neno sala wanaazima kitu cha dini nyingine. Wanaofikiri hivyo hawajalifuata neno hadi kwao. Wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti wanakubaliana kuwa Kiarabu chenyewe kililipokea neno hilo kutoka Kiaramu, ambako lilitamkwa slota. Kiaramu ndiyo lugha aliyozungumza Yesu, na ndiyo lugha ambayo Wakristo wa Shamu na Iraki walisalia kabla ya kuja kwa Uislamu. Waethiopia nao, ambao Ukristo wao ni wa tangu karne ya nne, huita sala tselot, ndugu wa toka nitoke wa neno hilo hilo. Krapf alikuwa ameishi Ethiopia kabla ya kufika Mombasa na alizijua lugha za huko. Bila shaka sala halikuwa neno geni masikioni mwake.

Kwa hivyo sala si mali ya upande mmoja. Ni neno lililopita katika nyumba ya Wayahudi, ya Wakristo na ya Waislamu, kila mmoja akiliongeza maana. Tofauti tunayoiona leo, ambapo wengi huandika “swala” na “kuswali” wanapowazungumzia Waislamu na “sala” na “kusali” wanapowazungumzia Wakristo, ni tofauti ya matamshi na tahajia. Mzizi ni mmoja.

Neno hili lina sifa moja inayotuhusu sana. Kusali si lazima uwe unataka kitu. Mwislamu anaposema anakwenda kuswali, hamaanishi kwamba ana shida ya kueleza. Akiwa nayo, ataomba dua. Anamaanisha saa imefika na anakwenda kusimama mbele ya Muumba wake. Maana hiyo ya wajibu, ratiba na heshima ndiyo iliyowavutia Krapf na Steere, kwa sababu kanisa lao pia lilikuwa na sala za asubuhi na jioni zinazosaliwa kila siku, mtu awe na haja au asiwe nayo.

Omba na watoto wake

Ikiwa wafasiri wa kwanza walilichagua sala, basi maombi yalitawala vipi?

Mzizi omba ni wa Kibantu na ni mkongwe. Ni neno la jirani kwa jirani: kuomba moto, kuomba chumvi, kuomba radhi. Lina ukoo mkubwa. Tunapata ombi, mwombaji na ombaomba. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata ombea, na kutoka hapo maombezi na mwombezi. Ukiongeza cha kutendana unapata ombeana. Kiswahili hapa kimefanya jambo la ajabu: kwa viambishi viwili vifupi tu, kimetofautisha anayejitakia, anayewatakia wengine, na jumuiya inayotakiana heri. Kigiriki kililazimika kutafuta neno jingine kabisa.

Mbali na Pwani, hali ilikuwa tofauti na ile waliyoikuta Krapf na Steere. Misheni zilipopanda bara kuanzia miaka ya 1890, zilifanya kazi yao hasa kwa lugha za mama. Katika Gĩkũyũ, kitenzi hoya kina maana ya kuomba kitu na ndicho hicho hicho cha kumwomba Mungu. Sala ni mahoya. Katika Kikamba, voya ni vivyo hivyo, na sala ni mboya. Waluo kwa upande wao hutenganisha: kuomba kitu ni kwayo, ilhali kusali na kuabudu ni lamo. Si ajabu basi kwamba Wakristo wengi wa bara walipokuja kukitumia Kiswahili mijini, shuleni na redioni, walilibeba neno lililokuwa karibu zaidi na walilolizoea nyumbani, wakasema kuomba. Omba lina joto la kinyumbani. Halihitaji madrasa wala kitabu.

Hilo lina uzuri wake. Mtu anayemwomba Mungu kama anavyomwomba jirani chumvi anaamini kwamba Mungu yuko karibu na mlango. Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake waombe riziki ya kila siku. Lakini wahenga walituachia methali inayopaswa kututahadharisha: mwomba chumvi huombea chungu chake. Anayeomba hujifikiria. Ikiwa kila tunachomwambia Mungu tunakiita kuomba, haichukui muda kabla ya chungu chetu kuwa ndiyo mada ya pekee.

Aina tunazozisahau

Hebu tutazame aina tatu za sala ambazo zimekuwapo katika historia ya Ukristo, hata hapa kwetu, na ambazo zinafifia kwa sababu hatuziiti kwa majina yao.

Ya kwanza ni toba. Katika miaka ya 1930, uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na Uganda ulienea Afrika Mashariki nzima, na kufikia mwisho wa mwongo huo ulikuwa umeingia Kenya. Waliojiunga nao walijulikana Uganda kama Balokole, waliookoka. Walichojulikana kwacho zaidi ni kuungama hadharani: mtu alisimama mbele ya wenzake akataja wizi wake, chuki yake au unafiki wake, kisha wote wakaimba “Tukutendereza”, neno la Kiganda lenye maana ya tunakusifu. Toba kwanza, sifa baadaye. Ni utaratibu ambao mzee Isaka wa jangwani angeutambua mara moja. Hawa hawakuwa wakiomba kupewa kitu. Walikuwa wakirudisha: wengine walirudisha hata mali waliyoiba. Leo neno toba tunalisikia zaidi katika mikutano mikubwa ya kitaifa, ambako huungamwa dhambi za nchi bila ya mtu yeyote kutaja za kwake.

Ya pili ni maombolezo. Msomi Mjerumani Hermann Gunkel, aliyezipanga zaburi kwa aina zake mwanzoni mwa karne ya 20, alionyesha kuwa zaburi za mtu anayelia na kulalamika ndizo nyingi kuliko za aina nyingine yoyote. Mwandishi wa zaburi humuuliza Mungu mbona amenyamaza na mbona wabaya wanastawi. Kiswahili kina kitenzi cha tendo hilo, omboleza, chenye sura ya omba ndani yake, na Biblia yetu ina kitabu kizima kiitwacho Maombolezo. Je, mara ya mwisho kanisani kwako waumini walielekezwa lini kuomboleza mbele za Mungu, nje ya matanga? Mama aliyefiwa huambiwa asilie, amshukuru Mungu. Aliyefutwa kazi huambiwa adai kazi nyingine kwa imani. Nafasi ya kusema tu “Ee Mungu, naumia” imekuwa finyu, ingawa ndiyo inayochukua kurasa nyingi zaidi katika kitabu cha sala cha Biblia.

Ya tatu ni sala ya kimya. Mwaka 1902, Wamarekani watatu wa kanisa la Marafiki, yaani Wakweka, walifungua misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Kanisa hilo lilianzishwa Uingereza katika karne ya 17 na watu walioketi pamoja bila kusema neno, wakisubiri Roho awasemeshe. Wamisionari wa Kaimosi walitoka katika tawi ambalo lilikuwa limekwisha kupokea mahubiri na nyimbo, kwa hivyo kimya hicho hakikukita mizizi hapa. Leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na ibada zao husikika kutoka ng'ambo ya kilima. Si wao pekee. Katika makanisa yetu mengi kimya hudhaniwa kuwa mtambo wa sauti umeharibika. Ilhali Kiswahili kina tafakuri, na wahenga walinena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwili nao husali. Akorino, kanisa lililozuka miongoni mwa Wakikuyu katika miaka ya 1920, husali wakiwa wameinua mikono na kutamka “Thaai”, amani, kama wazee walivyofanya walipoielekea Kirinyaga. Utawala wa kikoloni uliwashuku na kuwasaka. Lakini ukiingia katika makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kale mjini Roma, utakuta ukutani picha za watu wanaosali, na mikono yao imeinuliwa vivyo hivyo. Walichodhaniwa na wakubwa wa wakati huo kuwa ni ushenzi kilikuwa desturi ya Wakristo wa karne za mwanzo.

Hatari ya neno moja

Huenda msomaji akauliza: haya yote yana maana gani kwa mtu anayetafuta karo? Maneno si maneno tu?

Sivyo. Ukiishaamini kwamba kila sala ni ombi, utaanza kuzipima sala kwa jibu. Ombi likijibiwa, sala ilikuwa nzuri. Lisipojibiwa, kuna kasoro: hukuomba kwa nguvu, hukukesha vya kutosha, hukufunga vya kutosha, au hukutoa “mbegu” ya kutosha. Hapo ndipo wachuuzi wa miujiza wanapopata soko. Mtu aliyezoea kutoa shukrani na kuomboleza hana haja ya kununua jibu, kwa sababu sala yake haikukusudiwa kuleta bidhaa.

Mfano mchungu zaidi tunaujua. Mnamo Aprili 2023, makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilizidi 400, wakiwamo watoto wengi. Waathiriwa wanadaiwa kushawishiwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Sababu za janga hilo ni nyingi, na nyingine zimo mikononi mwa mahakama. Haitakuwa haki kulitwika neno moja mzigo wote huo. Hata hivyo, historia ya sala ingewapa watu wale mizani. Didake, mwongozo wa Wakristo ulioandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, unawaelekeza waumini wafunge Jumatano na Ijumaa, na wasali ile sala ya Bwana mara tatu kwa siku. Siku mbili kwa juma. Kesho yake watu walikula. Kufunga kulikuwa kipimo cha kiasi, na mtu aliyefunga alitarajiwa kuamka akiwa hai ili ashukuru.

Kuna mfano mwingine, huu wa kutia moyo, na kila Mkenya anaujua kwa moyo. Wimbo wetu wa taifa uliotungwa mwaka 1963, kwa lahani iliyotokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, ni sala. Unaanza kwa kumlilia Mungu atubariki sote, jambo ambalo kwa yale maneno manne ya kale ni maombezi, kwa kuwa hakuna anayejiombea peke yake. Ubeti wa pili unaugeukia wajibu wetu kwa nchi, karibu na ile nadhiri aliyoitaja Isaka. Na mwisho wa ubeti wa tatu unafikia neno shukrani. Kwa bahati mbaya, katika hafla nyingi huimbwa ubeti wa kwanza tu, watu wakaketi. Tunaomba, tunaishia hapo.

Tufanyeje?

Hakuna haja ya kulipiga vita neno maombi. Limejipatia nafasi yake na lina ukweli wake. Kinachohitajika ni kuyarudisha mengine kazini. Mwalimu anayefundisha unyambuaji wa vitenzi atatumia dakika tano tu kuwaonyesha wanafunzi tofauti kati ya omba, ombea, ombeana na omboleza. Mhubiri anaweza kutangaza waziwazi: sasa tunatoa shukrani, sasa tunatubu, sasa tunanyamaza. Mtangazaji wa redio anaweza kusema kuwa viongozi walikutana kwa ibada ya shukrani, iwapo ndiyo iliyofanyika, badala ya kuandika “maombi” juu ya kila kitu.

Wafasiri waliotutangulia waliketi na masheikh, na wenyeji wa Unguja na Mombasa, wakapima neno baada ya neno hadi wakatupatia msamiati unaotosha kila hali ya moyo: dua kwa mwenye shida, sala kwa saa iliyopangwa, maombezi kwa ajili ya wengine, toba kwa mkosaji, maombolezo kwa aliyevunjika, sifa na shukrani kwa aliyepokea. Mkristo wa leo hahitaji kuazima tena kutoka popote. Maneno yote yamo katika Biblia iliyo kwenye rafu yake. Aifungue zile zaburi, aihesabu idadi ya mara ambazo mtunzi anaomba kupewa kitu, kisha alinganishe na sala yake mwenyewe ya jana usiku.